Usiku mmoja na yai la kijinzi: mwongozo kamili wa kufuata ishara za seli ndani ya kiinitete, ukiwa Dar

Karatasi yenye mishale ndiyo inayowamaliza wanafunzi. Hedgehog mshale butu Patched, Patched mshale butu Smoothened (hayo ni majina ya protini, na mshale butu maana yake “inazuia”), na kuendelea hadi chini ya ukurasa. Nafundisha twisheni ya baiolojia Sinza, na kila muhula napata angalau mmoja aliyekariri karatasi nzima. Ukimuuliza ishara hiyo inatumwa saa ngapi, upande gani wa yai, na seli ikishaipata inafanya nini, anakutazama kama umemuuliza namba ya simu ya babu yake.

Hapa tunaanza upande wa pili. Tunamfuga kijinzi, tunamtagisha, tunakesha na yai lake, na kila ishara tunaitaja saa inapofanya kazi. Kwa kijinzi inawezekana, kwa sababu kutoka yai kutagwa hadi buu kutoka ni saa 22 hadi 24 tu kwenye nyuzi 25.

Unayemtafuta ni yupi

Ukisema “nzi wa matunda” kwa mkulima wa maembe wa Mkuranga, atakuelewa vingine kabisa. Yeye anamfikiria yule mkubwa wa manjano anayetoboa embe likiwa bado mtini. Sisi tunamtaka Drosophila melanogaster, kijinzi wa milimita mbili na nusu hivi, macho mekundu, anayezungukia ndizi zilizopitiliza kuiva na chupa ya siki iliyosahaulika wazi. Vitabu vingi vinamwonyesha kama mnyama wa maabara za Marekani, kwa kuwa Thomas Hunt Morgan alimpatia umaarufu New York mwaka 1910 alipompata dume mwenye macho meupe. Asili yake lakini ni huku kwetu, kusini mwa Afrika. Mwaka 2018 watafiti walieleza jinsi walivyomkuta porini Zimbabwe, milima ya Matobo, akiishi na matunda ya marula.

Kukamata ni rahisi. Mimi naenda Mahakama ya Ndizi, Mabibo, asubuhi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mkungu au chana?”

“Naomba zile zilizolainika kabisa, unazotaka kutupa.”

“Hizo? Za nini tena?”

“Nafuga vijinzi, mama.”

Akaangua kicheko hadi jirani yake akageuka. “Wenzio wanafuga kuku!” Alinifungia bure, na vijinzi wenyewe wakiwa wameshaingia mfukoni.

Ndizi hizo ziweke ndani ya chupa, mdomoni tia faneli ya karatasi yenye tundu dogo chini. Wanaingia, kutoka hawajui. Kesho yake izamishe chupa kwenye barafu kwa dakika tano walale, kisha uwachague juu ya kitu cha baridi. Mwenye mistari myeupe kichwani na mgongoni ni Zaprionus, mweke pembeni. Dume tunayemtaka ana ncha nyeusi tumboni na kitana cheusi kidogo kwenye miguu ya mbele. Jike ni mkubwa kidogo na tumbo lake lina ncha kali. Ndugu yake simulans anafanana naye mno, na kwa kazi yetu ya kutazama yai hana madhara. Ukitaka ukoo safi, tenga jike mmoja mmoja kila chupa, usubiri watoto, uchague chupa ambayo madume wote wanafanana.

Chakula na hali ya hewa

Chakula chao cha maabara ni uji wa mahindi, na kwa hilo sisi tuko nyumbani. Pika uji mzito wa sembe wenye sukari guru, uufikishe katikati ya uji na ugali. Ukipoa kiasi, tia kijiko kimoja cha siki kwa kila nusu lita ili ukungu usiuwahi, mimina kwenye chupa safi, na juu nyunyiza chembe chache za hamira. Wanachokula hasa ni hamira. Uji ni sahani. Kizazi kipya huchukua siku kumi hivi.

Hapa Dar joto ni tatizo kuliko chakula. Likikaa kwenye nyuzi 30, madume wanakuwa tasa: wanaonekana wazima, wanapanda, na mayai hayaanguliwi. Januari na Februari usijisumbue kama huna chumba cha kiyoyozi. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya kazi hii. Chupa ziweke sakafuni kwenye vigae, ndani ya beseni lenye maji ya vidole viwili. Maji hayo yana kazi ya pili. Mwaka wangu wa kwanza niliziacha mezani, nikaamka nikakuta msafara wa sisimizi kutoka dirishani hadi chupani, na ndani hakukuwa na kilichobaki ila mabawa.

Kutagisha kwa saa

Kata chupa ya maji ya lita moja na nusu, uitoe kitako. Mdomoni funga kipande cha soksi ya nailoni ili hewa ipite. Neti ya mbu usiitegemee, wanaweza kupenya. Upande uliokatwa unakaa juu ya kisosi cha kutagia.

Kisosi kinatengenezwa kwa agari na juisi ya zabibu nyeusi. Juisi ina faida mbili: jike anaipenda, na rangi yake inafanya yai jeupe lionekane. Agari chemsha kwa juisi mpaka iyeyuke yote, mimina, acha igande. Jelatini usijaribu, kwa joto letu inalegea na kuwa uji. Katikati weka tone la hamira iliyovurugwa na maji kidogo hadi iwe nzito kama dawa ya meno.

Ingiza majike hamsini hivi na madume nusu yake, na uwape siku mbili za kuzoea, ukibadilisha kisosi kila siku. Kijinzi hutaga zaidi jua linapozama, kwa hiyo jioni ndiyo saa yenyewe. Saa 11 weka kisosi kipya, saa 12 kitoe ukitupe. Usikionee huruma: jike huweza kushikilia yai lililorutubishwa tumboni, na mayai hayo ya zamani yataharibu hesabu yako ya saa. Kisosi cha pili, cha saa 12 hadi saa 1 usiku, ndicho cha kufuata.

Yai mkononi, na ishara ya kwanza

Chukua lenzi ya mkono kabla hata ya hadubini. Yai lina nusu milimita, jeupe, limepinda kidogo kama punje ya mchele. Upande mmoja karibu na ncha kuna vijikono viwili vilivyosimama kama masikio ya sungura, vya kupumulia yai likizama kwenye chakula. Vipo mbele, na vipo mgongoni. Kwa hiyo ukiviona umeshajua kichwa kitakuwa wapi na tumbo litakuwa wapi, na hakuna hata seli moja ya mtoto iliyokwisha kutengenezwa.

Hivyo vijikono ni matokeo ya ishara ya kwanza tunayoifuata. Yai likiwa bado ndani ya mama, kiini chake (nyuklia) husogea kwenye kona moja ya mbele. Hapo hapo protini iitwayo Gurken inatolewa, na seli za mama zinazolizunguka yai kwenye kona hiyo zinaipokea kwa kipokezi chao, EGFR. Zilizopokea zinajijua ni za mgongo. Za upande wa pili hazikusikia kitu, zinakuwa za tumbo. Gurken ikikosekana, yai linatoka bila masikio. EGFR hiyo hiyo tunayo sisi, na kuna dawa za saratani ya mapafu zinazolenga kuizuia.

Kuliweka chini ya hadubini

Yahamishe mayai kwa brashi laini ya rangi iliyoloweshwa, kumi tu yanatosha, kwenye kioo cha slaidi kikavu. Yaache dakika moja yakauke, kisha dondoshea tone jembamba la mafuta mepesi ya parafini yale yanayouzwa duka la dawa. Mafuta ya taa hapana. Ganda la nje lenye vinyweleo, ambalo lilikuwa jeupe kama chaki, linageuka kioo mbele ya macho yako. Tone lisiwe nene, kiinitete kinapumua. Usifunike kwa kioo cha juu, utakiponda. Lenzi ya 4 kwa kutafuta, ya 10 kwa kutazama, na mlango wa mwanga chini ya meza ya hadubini uufunge hadi karibu na mwisho ili kingo zionekane. Hadubini ya shule inatosha, na simu ikishikiliwa juu ya lenzi ya jicho inapiga picha nzuri tu.

Wengine hupenda kulivua ganda kabisa kwa dawa ya kuondoa madoa, ile ya klorini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, kwa dakika mbili, kisha kuosha sana kwenye kichujio cha nailoni. Picha inakuwa safi zaidi. Ila umeshapika chakula kwa siki, na siki iko mezani: dawa hiyo na siki zisikutane, zinatoa gesi ya klorini. Kwa wanafunzi mimi naishia kwenye mafuta.

Saa 1 hadi saa 3 usiku: mfuko mmoja

Hutaona mengi. Ndani, viini vinagawanyika kila dakika nane au tisa, bila kuta za seli. Yai zima ni mfuko mmoja wenye viini vinavyozidi, raundi 13, hadi vinafika kama 6,000. Mnamo saa 2 na nusu utaona vitufe vidogo vimechomoza kwenye ncha ya nyuma. Hizo ndizo seli za kwanza kabisa, na ndizo zitakazokuja kuwa mayai na mbegu za kizazi kijacho. Zikumbuke, baadaye tutazitumia kama alama.

Wakati huo protini iitwayo Bicoid iko kazini. Mama ameacha mRNA yake, yaani maelekezo ya kuitengeneza, imebanwa kwenye ncha ya mbele. Protini inatengenezwa pale na kusambaa kuelekea nyuma, ikipungua kadiri inavyokwenda. Umewahi kushuka daladala karibu na Feri? Harufu ya samaki wa kukaanga inakueleza umbali hata ukiwa umefumba macho. Kiini cha mbele kinanusa Bicoid kali, kinawasha jeni za kichwa. Cha katikati kinanusa kidogo, kinawasha za kifua. Wolfgang Driever na Christiane Nüsslein-Volhard waliuonyesha mteremko huo mwaka 1988. Mtoto wa mama asiye na jeni hiyo hana kichwa wala kifua. Nasema wa mama makusudi: jeni za mtoto mwenyewe hapa hazina usemi, na mtihani unapenda kukunasa hapo.

Kwa ukali wa vitabu, Bicoid si ishara ya seli kwa seli, maana hakuna seli. Kipokezi kiitwacho Torso ndicho kinachopokea ishara kutoka nje kwenye ncha zote mbili na kuzitofautisha na katikati. Itoshe hivyo.

Saa 3 hadi saa 4 na nusu: tumbo linajulikana

Sasa ukingo wa yai unakuwa mwangavu, kama mstari wa kioo kuzunguka ute mweusi. Utando unashuka kati ya kiini na kiini, na kila kimoja kinapata nyumba yake. Saa 4 kamili macho yasitoke kwenye lenzi. Upande wa tumbo mfereji unafunguka na seli zinazama ndani kwa dakika chache tu, na hizo ndizo zitakazokuwa misuli. Nyuma kidogo ya kichwa mkunjo mwingine unakata yai kwa mshazari.

Aliyeziambia zizame ni Toll. Kipokezi hiki kimetanda yai lote, juu na chini. Kinachopatikana upande wa tumbo peke yake ni ujumbe wake, Spätzle, ambao hukatwa na kuwa tayari pale ambapo seli za mama hazikusikia Gurken. Unaona jinsi ishara ya kabla ya yai kutagwa inavyolipa sasa? Toll ikishaguswa, ndani ya seli kuna protini iitwayo Cactus, mlinzi aliyemshikilia mwenzake asiingie kwenye kiini. Cactus inavunjwa, mwenzake anaingia na kuwasha jeni za tumbo, Twist na Snail.

Huyo anayeingia anaitwa Dorsal, yaani wa mgongoni, na anafanya kazi tumboni. Wanafunzi wanaapa kuwa kitabu kimekosea. Hakijakosea. Jeni za kijinzi mara nyingi hupewa jina la kinachoonekana jeni ikiharibika, na bila Dorsal mtoto anakuwa mgongo mtupu pande zote. Ukiishika kanuni hiyo, nusu ya majina yanaacha kukutisha. Toll lenyewe ni neno la Kijerumani la kushangaa, kama mtu wa Kariakoo anavyosema “kali!” Mwaka 1996 maabara ya Jules Hoffmann huko Ufaransa ilionyesha kuwa njia hiyo hiyo humkinga nzi mzima dhidi ya ukungu, na Hoffmann akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2011. Vipokezi vya ukoo huo vinatulinda na sisi.

Mgongoni inatawala ishara nyingine, protini ya Dpp, ndugu wa protini zetu za BMP, na pembeni protini ya Sog inaizuia isishuke. Sisi tunatumia mfumo huo huo, ila umepinduliwa: uti wa neva wa nzi uko tumboni, wetu mgongoni. Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alimlaza kambakoche chali mwaka 1822 na kudai mpango wa mwili ni mmoja. Walimcheka sana.

Saa 4 na nusu hadi saa 8: mkia unapanda mgongoni

Fuata vile vitufe vya nyuma. Vinasafiri! Mkanda wa mwili unarefuka, na kwa kuwa ganda halirefuki, mkia unapanda juu ya mgongo na kuelekea kichwani. Wanafunzi hudhani yai limegeuka.

Ndani ya mkanda huo kipokezi kiitwacho Notch kinagawa kazi, na ujumbe wake ni Delta. Kundi la seli sawa linaweza lote kuwa neva, na nafasi ni moja. Ni kama kiti kimoja kwenye daladala la Mbagala saa 11 jioni: anayetangulia kukikaribia anawasukuma wengine. Seli yenye Delta nyingi inamgusa jirani, Notch ya jirani inakatwa, na kipande chake cha ndani kinakwenda kwenye kiini kusema “wewe utakuwa ngozi.” Delta imefungwa kwenye utando, haisambai, bila kugusana hakuna ujumbe. Notch ikikosekana wote wanakaa: neva tele, ngozi haitoshi, kiinitete kinakufa.

Kwenye saa 7 vijikunjo vya pingili vinaonekana ukingoni. Hapo wako majirani wawili wa ukuta mmoja, yaani safu mbili za seli. Safu ya upande huu inatoa Hedgehog. Safu ya ng’ambo ina kipokezi Patched, ambacho muda wote kazi yake ni kumbana Smoothened. Hedgehog ikifika, inambana mbanaji, Smoothened anafunguka, na seli inaendelea kutoa ishara yake, Wingless. Wingless inavuka kurudi, inapokelewa na kipokezi Frizzled, Armadillo, mpeleka ujumbe wa ndani ya seli, inaacha kuvunjwa, na safu ya kwanza inaendelea kutoa Hedgehog. Nipe nikupe. Mmoja akinyamaza, mwenzake naye ananyamaza muda si mrefu, na mpaka unafutika.

Unaweza kulala sasa. Mkia unarudi chini kati ya saa 8 na saa 10 alfajiri, na mgongo unafungwa kama zipu kufikia asubuhi. Ukiamka saa 4 asubuhi utakuta misuli imeanza kutikisika, na mchana mirija ya hewa inajaa hewa ghafla, mara inaonekana myeusi. Joto la chumba likizidi nyuzi 25, ratiba yote inawahi, kwa hiyo andika kipimajoto kando ya kila mchoro.

Buu: kusoma ishara kwa meno

Jioni buu anatoka. Mdondoshee tone la maji ya moto, anyooke, kisha mlaze chali kwenye gliserini. Lenzi ya 10, mwanga umebanwa.

Tumboni utaona mikanda ya vijimeno, mitatu myembamba ya kifua na minane mipana ya tumbo, na kati ya mkanda na mkanda ngozi tupu. Vijimeno vinamsaidia kukamata njia anapotambaa. Ngozi tupu ile ni kazi ya Wingless. Bila Wingless, au bila Hedgehog, hakuna utupu: tumbo zima ni vijimeno, kama kalunguyeye, na kalunguyeye ndiyo maana ya Hedgehog.

Kwa kutazama ngozi hizi, moja baada ya nyingine, Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walipanga jeni 15 za pingili katika makala yao ya 1980, wakiwa Heidelberg, wakitazama pamoja kwenye hadubini yenye sehemu mbili za kutazamia. Nobel ilikuja 1995, pamoja na Edward Lewis. Nyumbani huna mabuu hayo yaliyoharibika, wa sokoni ni wazima, kwa hiyo mchore mzima kwanza kwa penseli, mikanda 11 kwa hesabu, halafu kwenye karatasi ya pili ufute nafasi zote tupu na kuzijaza vijimeno.

Vijinzi waliobaki watie kwenye friza usiku kucha kabla ya kuosha chupa. Mayai ya ziada usiyarudishe jikoni.